Je, Wajua? Almasi Zinazokula Mwamba

Almasi kubwa kuliko zote ilivunjwa vipande

Ukimuuliza mtu almasi kubwa kuliko zote ni ipi, atakutajia Cullinan, ile iliyochimbwa Afrika Kusini mwaka 1905 ikiwa na karati 3,106, ambayo vipande vyake vimo katika vito vya ufalme wa Uingereza. Lakini miaka kumi kabla yake, mwaka 1895, karibu na mji wa Lençóis katika jimbo la Bahia nchini Brazil, lilipatikana jiwe lenye karati 3,167. Hizo ni zaidi ya gramu 630. Waliliita Sergio, kwa jina la aliyeliokota. Halikung'aa. Lilikuwa jeusi, lenye vishimo, mfano wa bonge la makaa ya mawe.

Jiwe hilo lilisafirishwa hadi London, likavunjwavunjwa, na vipande vyake vikapachikwa kwenye biti za kuchoronga miamba. Hakuna jumba la makumbusho litakalokuonyesha hata chembe yake.

Wapo wanaolisikitikia. Mimi naona lilipelekwa palepale lilipofaa. Almasi nyeusi ya namna hii, inayoitwa kabonado, si fuwele moja kama almasi ya pete. Ni chembe nyingi ndogondogo zilizoshikana, kila moja ikiwa imeelekea upande wake. Almasi ya pete ina njia zake za kupasukia, na fundi wa vito anazijua: akiigonga mahali panapostahili, inachanika kama ukuni uliopata mfuo wake. Kabonado haina njia hiyo. Ufa ukianza katika chembe moja, unafika kwenye chembe ya jirani na kukuta mlango umefungwa. Duniani kabonado hupatikana Brazil na Jamhuri ya Afrika ya Kati tu.

Likumbuke jiwe hili, maana tutakutana nalo tena huko mbele, safari hiyo likiwa limetengenezwa kwa mikono ya watu.

Aliyebuni biti ya almasi alikuwa fundi wa saa

Georges-Auguste Leschot alikuwa fundi wa saa mjini Geneva, Uswisi, katika kiwanda cha Vacheron Constantin. Mtu wa kazi ndogondogo, wa kuhesabu meno ya magurudumu yasiyozidi ukucha. Mwaka 1862 alibuni bomba la chuma lenye almasi zilizopachikwa kwenye ukingo wa mdomo wake. Mwanawe Rodolphe, aliyekuwa mhandisi, ndiye aliyepewa hataza ya Marekani kwa chombo hicho mwaka 1863.

Uzuri wa bomba hilo ni kwamba halisagi tundu zima. Linakata duara tu, na katikati panabaki mche wa mwamba uliosimama mzima, kama mche wa sabuni. Ukiutoa, unausoma: hapa chokaa, hapa mshipa wa dhahabu, hapa maji yalipita.

Njia hiyo bado ndiyo inayotumika Tanzania na kwingineko kutafuta madini. Wachorongaji wa Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, wanaotoa sampuli za miamba, wanaitumia almasi kwenye mdomo wa bomba kwa kanuni ileile ya Leschot, na miche inayotoka hupangwa kwenye visanduku virefu kwa mfuatano wa kina chake ili mtaalamu wa miamba aisome kuanzia juu kwenda chini. Kwa hiyo ukisikia mtu wa Geita au Shinyanga anasema wanachoronga kwa almasi, usidhani wanatafuta almasi. Wanaitumia.

Mwamba ukiwa mgumu, chuma cha biti kiwe laini

Hili linawashangaza wengi, na mimi lilinichukua muda kulikubali.

Biti ya kutolea miche mara nyingi hutengenezwa kwa unga wa almasi uliochanganywa na unga wa metali, vikashindiliwa na kuchomwa pamoja hata almasi zikaenea ndani kama zabibu katika mkate. Almasi za juu zikishakuwa butu, lazima metali inayozishika ilike kidogo ili hizo zidondoke na nyingine kali zichomoze. Sasa, mwamba mgumu wenye chembe ndogo sana hautoi mchanga wa kuweza kuila metali. Ukiweka metali ngumu hapo, haitalika, almasi butu zitabaki zimeshikiliwa, na biti itateleza juu ya mwamba kama kisu butu juu ya nyanya. Ndiyo maana mwamba mgumu hupewa biti yenye metali laini. Na mwamba laini wenye mchanga mkali hupewa metali ngumu, maana huo huila metali kwa pupa na kuzipoteza almasi ambazo bado ni kali.

Kosa la mwanafunzi wa kazi hii ni kudhani kwamba kigumu hushindwa kwa kigumu zaidi, basi.

Ng'ombe walitumika kukoroga tope

Biti haifanyi kazi peke yake. Tope husukumwa kutoka juu kupitia ndani ya mabomba, hutokea kwenye matundu ya biti, huipoza, huokota chenga za mwamba zilizokatwa na kuzipandisha juu kupitia nafasi iliyoachwa kati ya bomba na ukuta wa kisima. Uzito wa tope hilo ndio pia unaozuia gesi na mafuta kufyatuka kabla ya wakati wake.

Katika kisima cha Spindletop, karibu na Beaumont, Texas, kilichofyatua mafuta tarehe 10 Januari 1901, inasimuliwa kwamba ndugu wa ukoo wa Hamill waliokuwa wakichoronga walisumbuliwa na mchanga uliokuwa ukiporomoka ndani ya kisima. Wakaingiza ng'ombe katika bwawa la maji, ng'ombe wakalikanyagakanyaga hadi likawa zito, na tope hilo likasukumwa kisimani kushikilia kuta. Leo tope hupimwa uzito na unato wake kutwa kucha, na udongo wa bentonaiti na unga mzito wa baraiti hununuliwa kwa tani.

Kinu na mchi, kisha mbuzi ya nazi

Biti ya Spindletop ilikuwa na umbo la mkia wa samaki, ikikwangua udongo na mchanga. Ilipokutana na mwamba mgumu, ilishindwa. Mwaka 1909 Howard Hughes, baba, alipewa hataza ya biti yenye koni mbili za chuma zenye meno, zinazobingirika chini ya kisima. Katika jaribio la mwaka huohuo huko Goose Creek, Texas, ilitoboa futi 14 za mwamba mgumu kwa saa 11, mahali ambapo biti nyingine zilikuwa zimekwama. Mwaka 1933 kampuni yake ikaleta biti ya koni tatu, ambayo ikaenea katika kila nchi yenye mafuta. Hughes hakuuza biti zake, alizikodisha. Utajiri huo ndio aliourithi mwanawe, Howard Hughes, mwaka 1924 akiwa na umri wa miaka 18, na ndio uliolipia filamu na ndege zilizompa jina.

Sasa angalia namna koni inavyofanya kazi. Jino linashuka, linaukandamiza mwamba mpaka unapondeka, linainuka, jino jingine linashuka. Hiyo ni kazi ya kinu na mchi. Na mwamba, kama jiwe lolote, una nguvu nyingi sana ya kustahimili kukandamizwa. Ukitaka kuushinda kwa bei nafuu, usiuponde. Uparuze. Mwamba ukisukumwa kwa ubavu, ukavuliwa tabaka kwa tabaka, huachia kwa nguvu ndogo zaidi. Mama anayekuna nazi kwa mbuzi analijua jambo hili mkononi mwake, hata kama hajawahi kulisema kwa maneno.

Tatizo lilikuwa moja: jino la kuparuza mwamba linasuguliwa bila kupumzika, tofauti na jino la koni linalogusa na kuinuka. Chuma kinakwisha. Almasi za asili zilizopachikwa kwenye biti zilistahimili, lakini zilikuwa ndogo, zilichomoza kidogo mno, na zilisaga zaidi ya kuparuza. Zilikuwa na thamani kiasi kwamba biti ikichakaa, almasi zilizobaki zilichomolewa, zikahesabiwa, na kupachikwa katika biti nyingine. Kilichohitajika ni almasi pana, yenye ncha ndefu, isiyopasuka. Kilichohitajika ni kabonado, kwa maelfu, na zote za umbo moja.

Almasi ya kwanza ya kiwandani haikuwa ya kwanza, na ile iliyoitwa ya kwanza haikuwa ya kiwandani

Hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu kisa hiki kina mafundo.

Katika mji wa Schenectady, jimbo la New York, kampuni ya General Electric iliunda kikundi cha watafiti mwanzoni mwa miaka ya 1950 ili kutengeneza almasi. Grafiti, ile inayotumika katika penseli na ambayo Tanzania inayo Mahenge, ni kaboni tupu. Almasi pia ni kaboni tupu. Tofauti ni mpangilio wa atomu. Ili kuugeuza mpangilio huo unahitaji mgandamizo wa makumi ya maelfu ya mara kuliko wa hewa tunayovuta, pamoja na joto linaloyeyusha chuma, vyote kwa wakati mmoja. Chombo cha kuvishika vyote viwili bila chenyewe kupasuka hakikuwapo.

Mkemia mmoja kijana wa kikundi hicho, Howard Tracy Hall, mzaliwa wa Utah, alibuni chombo alichokiita mkanda: bangili nene ya metali ngumu, na vichwa viwili vilivyochongoka vikiingia kutoka juu na chini. Alikifanyia kazi kwenye shinikizo la zamani la tani 400 lililokuwa likivuja. Tarehe 16 Desemba 1954 alikifungua chombo chake na kuona pembetatu ndogo zikimetameta kwenye kipande cha metali. Alisimulia baadaye kwamba magoti yalimlegea, ikabidi aketi. Tarehe 31 mwezi huohuo mwenzake alirudia jaribio hilo bila Hall kuwapo, likafaulu vilevile. Mwezi Februari 1955 kampuni ikautangazia ulimwengu.

Hall mwenyewe alieleza kwamba zawadi aliyopewa ilikuwa hati ya akiba ya dola 10.

Alihamia Chuo Kikuu cha Brigham Young huko Utah mwaka 1955, na akakuta kwamba serikali ya Marekani imeufanya mkanda wake kuwa siri. Asingeweza kuutumia ugunduzi wake. Basi akaketi akabuni mtambo mwingine kabisa, wenye vichwa vinne vinavyokutana katikati, usiofanana na ule wa kwanza. Mwaka 1966, pamoja na wenzake wawili, alianzisha kampuni ya Megadiamond, iliyokuja kuwa miongoni mwa watengenezaji wa meno ya almasi ya biti za mafuta. Nimesoma habari za wavumbuzi wengi, lakini huyu aliyenyimwa chombo chake akatengeneza kingine ninamheshimu kwa namna ya pekee.

Mafundo sasa. Kwanza, kampuni ya ASEA ya Sweden ilikuwa imetengeneza almasi tarehe 16 Februari 1953, karibu miaka miwili kabla, lakini ilinyamaza. Pili, ndani ya kikundi cha Schenectady kwenyewe, jaribio la Herbert Strong la tarehe 8 Desemba 1954, siku nane kabla ya lile la Hall, ndilo lililokuwa likihesabiwa kuwa limetoa almasi kabla ya mengine. Mwaka 1993 watafiti wa kikundi hicho, Strong mwenyewe akiwamo, walichapisha masahihisho katika jarida la Nature: almasi ile ilipochunguzwa kwa vyombo vipya ilionekana kuwa kipande cha almasi ya asili kilichokuwa kimeingia katika jaribio. Ilichukua karibu miaka 40 na ikawahitaji wazee kukiri hadharani. Walikiri.

Siagi ya karanga inaweza kuwa almasi

Robert Wentorf, wa kikundi hichohicho, alichukua vitu mbalimbali vyenye kaboni kuona kama vitageuka almasi. Kimojawapo kilikuwa siagi ya karanga. Iligeuka.

Usiharibu karanga zako. Kaboni ya bei rahisi na safi ni grafiti, na leo sehemu kubwa ya almasi za viwandani hutengenezwa China, hasa jimbo la Henan, katika mitambo yenye vichwa sita vinavyobana kutoka pande zote.

Ndani ya kila jino kuna kobalti

Wentorf huyohuyo na mwenzake William Rocco ndio waliovuka kizingiti cha mwisho. Walichukua unga wa almasi za kiwandani, wakauweka juu ya kisahani cha tangsteni kabaidi, wakaurudisha kwenye mgandamizo na joto. Kabaidi ile ina kobalti ndani yake kama gundi. Joto likifika nyuzi 1,400 hivi za sentigredi, kobalti huyeyuka, hupanda na kupenya kati ya chembe za almasi, na kuzisaidia zishikane almasi kwa almasi. Kinachotoka ni kidonge kigumu chenye kipenyo cha milimita 13, 16 au 19: chini kabaidi isiyovunjika ovyo, juu bamba jeusi la almasi lenye unene wa milimita chache.

Jeusi. La chembe nyingi ndogondogo zilizoelekea kila upande. Lisilo na njia ya kupasukia. Ni kabonado ya Bahia, imezaliwa upya kiwandani.

Kobalti hiyo kwa sehemu kubwa inatoka wapi? Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, katika Katanga ya zamani, Kolwezi na viunga vyake, ambako lugha ya sokoni na ya mgodini ni Kiswahili. Watu huitaja kobalti wakizungumzia betri za simu na magari. Ni vyema ijulikane pia kwamba jasho la Kolwezi limo kwenye ncha ya biti inayochoronga visima vya bahari kuu.

Meno haya yaliingizwa kisimani kwa majaribio kusini mwa Texas mwaka 1973. Mwanzoni yalikuwa yakibanduka. Almasi ilikuwa sawa, kulehemu ndiko kulikokuwa dhaifu: ukichoma sana ili lehemu ishike, unaiunguza almasi, ukichoma kidogo, jino linabaki kwenye mwamba. Ilipita miaka ya kujaribu na kushindwa kabla ya biti hizi kuaminika. Leo zaidi ya nusu ya urefu wote unaochorongwa duniani kutafuta mafuta na gesi hukatwa na meno ya namna hii.

Adui wa almasi ni joto, mtikisiko na nati moja ya chuma

Almasi ni neno tulilolipata kwa Waarabu, na asili yake huko nyuma zaidi ni Kigiriki, lenye maana ya kisichoshindika. Waliochoronga wanajua namna kinavyoshindika.

Joto. Kobalti ileile iliyosaidia chembe kushikana hutanuka kwa joto zaidi sana kuliko almasi. Jino likifika nyuzi 700 hivi, kobalti inasukuma kutoka ndani na kulipasua, na zaidi ya hapo inaisaidia almasi kurudi kuwa grafiti. Mafundi walipata dawa: wanalitumbukiza bamba la almasi katika asidi, kobalti ya karibu na uso inayeyushwa na kutolewa, na vishimo vinabaki vitupu. Wazo hilo lilikuwapo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, lakini lilienea kwenye biti za mafuta miaka ya 2000 ilipoanza. Unamwita mgeni akujengee nyumba, kisha unamwomba aondoke sebuleni na abaki uani.

Mtikisiko. Kwa miaka mingi watu waliona biti za almasi zinatoka kisimani zikiwa zimemeguka, wakasema mwamba ni mgumu mno. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wahandisi wa kampuni ya Amoco waligundua jambo lililofichika: biti haikuwa ikizunguka juu ya kitovu chake. Ilikuwa ikiyumba na kubingirika ukutani kama pia inayoishiwa nguvu, na katika kuyumba huko baadhi ya meno yalikuwa yakienda kinyumenyume na kugongwa kwa mgongo. Sakafu ya kisima ilibaki na umbo la ua lenye petali badala ya miduara safi. Tiba yao ilikuwa ya kushangaza kwa urahisi wake. Walipanga meno ili nguvu zote zilemee upande mmoja wa biti, na upande huo wakaunyima meno, wakauwekea bamba laini linaloteleza ukutani. Biti ikatulia.

Na nati. Kitu cha chuma kikidondoka kisimani, nati, bolti, spana iliyomponyoka mtu, biti ya almasi haiteremshwi hadi kitolewe. Chuma hakisagiki kama mwamba. Kinabingirika chini ya biti na kuyapiga meno moja baada ya jingine. Kuna mafundi ambao kazi yao ni kuvua vyuma vya namna hiyo kwa sumaku na vikapu, na kazi yenyewe huitwa uvuvi.

Biti isiyo na kitu kinachozunguka

Koni tatu za Hughes zinahitaji beringi na mipira ya kuzuia tope lisiingie. Beringi ikifa, koni hukwama, na ikikatika hubaki chini ya kisima kama takataka. Biti ya almasi ni bonge moja. Kiwiliwili chake ama ni chuma cha pua kilichochongwa, ama ni unga wa tangsteni kabaidi uliomiminwa katika kalibu ya grafiti na kuunganishwa kwa metali ya shaba iliyoyeyushwa. Juu yake kuna mbavu, na juu ya mbavu meno yamelehemiwa. Hakuna cha kukwama.

Faida hiyo inaonekana hasa kwenye joto kali. Karibu na Milford, Utah, kati ya Oktoba 2020 na Januari 2021, mradi wa jotoardhi uitwao FORGE ulichoronga kisima cha zaidi ya mita 3,300 katika graniti, kilichopindishwa hadi digrii 65 kutoka wima. Kwa miaka mingi mafundi waliambiana kwamba graniti si mahali pa meno ya almasi. Safari hii meno hayo yalikata, na yalikata kwa kasi iliyowashangaza wengi, kwa sababu wachorongaji walifuatilia mitikisiko saa kwa saa na kurekebisha uzito na mzunguko papo hapo.

Habari hii inatuhusu. Bonde la Ufa limejaa moto wa namna hiyo. Olkaria, Kenya, imekuwa ikizalisha umeme wa jotoardhi tangu 1981, na visima vyake hupita katika miamba ya volkano ambayo chini huzidi nyuzi 300. Gharama kubwa ya umeme wa aina hii iko kwenye kuchoronga. Kila biti inayodumu siku moja zaidi ni fedha inayobaki.

Kubadilisha biti moja kunaweza kula siku nzima

Kisima kikiwa na kina cha mita 3,000 na biti ikachoka, hakuna njia ya kuifikia ila kutoa mabomba yote. Bomba moja ni kama mita 9. Hutolewa matatu matatu yakiwa yameungana, yanafunguliwa, yanasimamishwa kando ya mnara. Hiyo ni mara 110 hivi. Kisha biti mpya inafungwa, na yote 110 yanarudi chini. Muda wote huo hakuna hata sentimita moja inayochorongwa, na mtambo unalipiwa, hasa ule wa baharini ambao kodi yake ya siku moja ni mamia ya maelfu ya dola. Ndiyo maana biti ya bei mbaya inayofika mwisho bila kutolewa ni rahisi kuliko tatu za bei nafuu.

Biti ikitoka, huandikiwa cheti

Biti ikipanda juu huoshwa tope, na mtu mwenye jicho zuri huinama na kuisoma. Kuna lugha ya kimataifa ya kuisoma, ya safu nane, inayoeleweka vilevile Hoima, Mtwara na Houston. Safu ya kwanza ni meno ya ndani, ya pili meno ya nje, kila moja kwa namba kuanzia 0, maana yake halijalika, hadi 8, maana yake hakuna kilichobaki. Halafu aina ya uharibifu: WT ni kulika, BT ni kuvunjika, BU ni kuvimbiwa udongo hadi meno hayaonekani, CR ni kutoboka katikati kama bakuli, RO ni mfereji wa duara uliolika kuizunguka biti nzima, JD ni majeraha ya chuma kilichodondoka. Halafu mahali pa uharibifu. Halafu safu ya beringi, ambayo kwa biti ya almasi huandikwa X tu, kwa kuwa hakuna beringi ya kukagua. Halafu kipenyo: I ikiwa kimebaki kamili, au idadi ya sehemu za kumi na sita za inchi zilizopotea. Kisha maelezo mengine, kama yapo.

Safu ya nane ni sababu ya kuitoa. HR, saa zake zimetimia. PR, kasi imeshuka. Na kuna herufi mbili ambazo kila mchorongaji anatamani kuziandika, TD: ilitolewa kwa sababu kisima kimefika mwisho wake.